Kozi wa Taita: jina la ndege mmoja na historia ya mpaka katika Jangwa la Taru

Mwananyika (mleta mada):

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jina. Wapo ndege wengi walioitwa kwa majina ya mahali, na mara nyingi msomaji hupita juu ya jina la namna hiyo bila kusimama, akidhani kwamba linamweleza ndege huyo anaishi wapi. Jina la kozi wa Taita linaeleza jambo jingine. Linaeleza ni njia gani watu walipita, ni nani waliowaongoza, na nchi ile iliitwaje vinywani mwao katika miaka ambayo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa ukichorwa. Mimi nimezaliwa chini ya vilima hivyo, upande wa Mwatate, na nimeona kwamba hata sisi wenyeji tunalitamka jina hilo bila kujua limepitia wapi.

Kwanza ndege mwenyewe. Ni kozi mdogo, mnene wa mwili, mfupi wa mkia, mwenye urefu wa sentimita kati ya 25 na 30. Jike humzidi dume kwa uzito, kama ilivyo kwa kozi wengi, lakini hata jike mwenyewe hafiki nusu kilo. Koo lake ni jeupe, kifua na tumbo vina rangi ya kutu, na kisogoni ana mabaka mekundu yanayomtofautisha na kozi wengine wa ukubwa wake. Hukaa kwenye magenge na makorongo yenye kuta za mawe, na kutoka huko huwafuata ndege wadogo angani, mbayuwayu na teleka miongoni mwao, kwa kasi ambayo jicho la mtu hushindwa kuiandama. Wanasayansi wanakadiria kwamba waliokomaa hawafiki 1,000 duniani kote, na amewekwa katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka. Ametawanyika vipande vipande kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na mahali pake panapojulikana zaidi ni makorongo ya mto Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria. Kwa hiyo mtu akitaka kumwona kozi wa Taita kwa urahisi zaidi, Taita si mahali pa kuanzia safari.

Alipataje basi kuitwa hivyo? Alielezwa kwa mara ya kwanza kisayansi mwaka 1895 na Wajerumani wawili, Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin na Oscar Neumann, aliyekuwa amesafiri Afrika ya Mashariki katika miaka hiyohiyo. Mahali palipoandikwa kuwa ndipo alipotoka ndege wa kielelezo, yaani yule aliyetumiwa kuieleza spishi hiyo, ni neno moja tu: Teita. Hapakutajwa kilima, wala kijiji, wala genge. Mtu aliyewahi kusimama Voi akatazama Sagalla upande wa kusini na vilima vya Dawida upande wa magharibi, na siku ya anga safi akaona Kasigau imesimama peke yake mbali kusini mashariki, atatambua kwamba neno hilo moja limefunika nchi pana mno.

Na neno lenyewe si la wenyeji. Watu wa vilima vikubwa hujiita Wadawida. Watu wa Sagalla ni Wasagalla, na Kisagalla ni lugha nyingine, si lahaja ya Kidawida. Wa Kasigau ni Wakasighau. Taita ni jina lililotumiwa na watu wa pwani, wale waliokuwa wakipanda bara kwa misafara ya pembe na biashara nyingine, na kwa mtu anayetoka Mombasa au Rabai vilima vyote vile vilikuwa kitu kimoja: nchi ya kwanza yenye maji na chakula baada ya kuvuka Jangwa la Taru.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa kuwa bila Taru jina halieleweki. Msafiri akiacha minazi na miembe ya Rabai, ardhi hupanda na mvua hupungua, na baada ya mwendo wa siku mbili hivi anajikuta katika pori la miiba na udongo mwekundu ambalo watu wa pwani waliliita nyika. Si jangwa la mchanga. Ni vichaka vilivyosukana, visivyo na majani sehemu kubwa ya mwaka, vyenye mibuyu iliyosimama mbalimbali. Mahali paitwapo Taru palikuwa na ngurunga, yaani mashimo katika mwamba yaliyohifadhi maji ya mvua, na msafara ulipoyaacha mashimo hayo ulikuwa na safari ndefu ya kiu mpaka kilima cha Maungu, ambako maji yalikuwa juu kilimani. Wapagazi waliofika Maungu jioni wakiwa wamechoka walipaswa kupanda tena kabla ya kunywa. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipitisha msafara wake huko mwaka 1883, na sehemu hiyo ya safari ndiyo iliyowatesa watu wake mapema kuliko nyingine yoyote.

Kabla ya Thomson alipita mmisionari Johannes Rebmann. Mwaka 1847 alifika Kasigau, ambayo yeye aliiandika Kadiaro, na mwaka uliofuata akapita katikati ya vilima vya Taita kwenda Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima wenye theluji. Vitabu humtaja yeye, lakini safari zile ziliongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri, aliyeijua njia, aliyejua maji yalipo, na aliyejua majina. Rebmann aliandika alichokisikia, na waliokuja baada yake wakanakili. Teita ya Berlin ya mwaka 1895 ni neno lilelile lililotoka katika vinywa vya waongozaji wa misafara, likapita katika masikio ya Kijerumani, likarudi kwetu likiwa limepigwa chapa. Ndiyo maana nasema kwamba jina la kozi huyu ni kumbukumbu ya barabara, na kwa kiasi fulani ni kumbukumbu ya watu wetu wa pwani ambao hakuna ndege hata mmoja wa njia ile aliyepewa majina yao.

Sasa mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari utakaoanzia pwani karibu na mdomo wa mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, upite mashariki na kaskazini ya ziwa hilo, uvuke mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unyooke tena mpaka Ziwa Victoria. Mwaka 1892 wajumbe wa mataifa hayo mawili walitumwa kuupima mstari huo mahali penyewe, na upande wa Ujerumani mjumbe alikuwa Karl Peters, mtu ambaye ukatili wake huko Kilimanjaro ulikuja kuchukiza hata bunge la nchi yake. Mwaka 1893 makubaliano ya kina yakatiwa saini. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai 1895, serikali ya Uingereza ilichukua nchi kutoka kwa kampuni ya kibiashara iliyokuwa ikiitawala, na Taita ikawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki. Katika mwaka huohuo kozi akapata jina lake. Ndege wa upande wa Waingereza akaelezwa na Wajerumani, kwa neno la Waswahili.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa wale walio upande wa pili wa mstari.

Kipwani:

Ndugu Mwananyika, nashukuru kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba mpaka ule ulipinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Katika maelezo yako hukutaja habari hiyo. Je, umeiacha kwa makusudi?

Mwananyika:

Ndugu yangu Kipwani, nimeiacha kwa makusudi, na nafurahi kwamba umeiuliza mapema. Makubaliano yalikuwa ya mwaka 1886, na mjukuu huyo hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888; mwaka 1886 aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake upande wa baba. Hilo peke yake linatosha kuitilia shaka hadithi hiyo, lakini sababu yenye nguvu zaidi imo katika maneno ya makubaliano yenyewe. Mstari unapita kati ya Taveta na Uchagani kwa sababu mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa ameandikiana mikataba Taveta, na mwaka 1885 Karl Jühlke alikuwa ameandikiana mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye vitabu vingi humwita Mandara, kwa niaba ya Wajerumani. Kila upande ulishika pale ulipokuwa na karatasi. Kupinda kwa mpaka ni alama ya karatasi hizo mbili.

Hadithi ya zawadi inanisikitisha kwa jambo jingine pia. Inaifanya nchi ionekane kama ilikuwa tupu, kitu cha kufungwa kwa utepe na kupewa mtoto, ilhali Taveta wakati huo ilikuwa soko. Misafara ya Mombasa na ile ya Pangani ilikutana pale, katika msitu wa mto Lumi, ili watu wapumzike, wanunue ndizi na nafaka, na wajiandae kuingia Umasaini. Wataveta walijua kukaribisha na walijua kuweka masharti, na hakuna msafara uliopita pale bila kujadiliana nao.

Mgosi wa Umba:

Shikamoo mleta mada, na nawasalimu wote. Mimi niko upande wa pili uliouomba. Nimekulia bondeni, kati ya milima ya Upare na nyika inayoshuka kuelekea mto Umba, na napenda kuongeza kwamba jangwa unalolisema halijui kwamba limekatwa. Pori la Mkomazi kwetu na pori la Tsavo kwenu ni pori moja; tembo hutoka huko msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, na hakuna anayewauliza hati. Kwenye Ziwa Jipe hali ni hiyohiyo. Mafunjo yamelisonga ziwa kutoka pande zote mbili, na mvuvi wa Upare na mvuvi wa Taveta wanalalamikia majani yaleyale.

Lakini nina swali kuhusu upande wa majina. Sisi huku neno nyika tunalitumia kwa pori lolote kame lisilo na watu. Ninyi wa pwani ya Kenya mliwahi kulifanya kuwa jina la watu, Wanyika. Ilikuwaje?

Mwananyika:

Marahaba, mgosi, na karibu sana. Swali lako limenisaidia, kwa sababu linafanana na habari ya Taita kuliko nilivyokuwa nimefikiri nilipokuwa nikiandika.

Watu wa mijini pwani waliwaita Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Warabai na ndugu zao wengine kwa jina moja la Wanyika, yaani watu wa nyika. Wazungu wakalichukua neno hilo na kuliandika katika ramani na vitabu. Wenyewe hawakulipenda, kwa kuwa lilikuwa na dharau ndani yake, na katika miaka ya 1940 wakashikana katika jina walilolichagua wao, Mijikenda, yaani miji tisa. Taru yenyewe iko katika nchi ya Waduruma. Kwa hiyo njia moja ya misafara ilikuwa na majina mawili yaliyotolewa na wapitaji, la kwanza la watu wa kabla ya jangwa na la pili la watu wa baada ya jangwa. La kwanza lilikataliwa na wenyewe likaondoka. La pili lilikaa, likawa jina la wilaya, na leo ni nusu ya jina la kaunti ya Taita Taveta. Hata tahajia yake ya zamani haijafa: kampuni ya mkonge ya Mwatate bado inaandika Teita, kama ilivyoandikwa kwenye kielelezo cha kozi.

Sisemi kwamba Wadawida walifanya makosa kulikubali. Majina hukubaliwa kwa sababu nyingi, na Mdawida, Msagalla na Mkasighau walihitaji neno moja la kuwaunganisha mbele ya serikali ambayo haikutaka kusikia matatu.

Mjukuu wa Rukanga:

Ndugu Mwananyika, nimesoma kwa makini, na nina la kusema kwa heshima. Umeitaja Kasigau mara mbili, mara ya kwanza kama mlima unaoonekana kutoka Voi, mara ya pili kama mahali alipofika mmisionari. Kasigau ina historia nzito zaidi ya mpaka kuliko hiyo, na kama uzi huu unahusu mpaka, haifai iachwe. Bibi yangu hakuzaliwa Kasigau. Alizaliwa Malindi, na kila mtu wa kwetu anajua maana ya mtu wa umri wake kuzaliwa Malindi. Tafadhali ieleze habari hiyo, kwa kuwa wengi humu hawaijui.

Mwananyika:

Mjukuu wa Rukanga, umesema kweli, na nakuomba radhi. Nilikusudia kuifikia, lakini nilipaswa kuianza mapema zaidi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mstari ule wa mwaka 1886 uligeuka kuwa uwanja wa vita. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta. Kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata, vikosi vidogo vyao vilivuka pori usiku vikiwa na maji ya kubebwa, vikaenda kulipua reli ya Uganda ambayo ilipita Taru, Maungu, Voi na Tsavo kwa mamia ya kilomita bila ulinzi wa kutosha. Reli hiyo ilikuwa imefika Voi mwaka 1897, na ujenzi wake katika Taru uliwezekana tu kwa kupeleka maji kwa treni mpaka mwisho wa reli ilipofikia. Sasa ukosefu huohuo wa maji uliwalinda Waingereza kwa kiasi fulani, maana kikosi kikubwa hakikuweza kuvuka. Lakini kikosi cha watu wachache kiliweza, na kilima chenye chemchemi katikati ya nyika kilikuwa na thamani kuliko mji.

Kasigau ni kilima hicho. Kinapanda hadi mita 1,641, kinashika ukungu, kina vijito, na kimesimama kati ya mpaka na reli. Mwaka 1915 Wajerumani waliishambulia kambi ya Waingereza iliyokuwa pale. Waingereza waliwashuku wanakijiji kwamba ndio waliowaonyesha adui njia. Baadhi ya watu waliuawa kwa tuhuma hiyo, vijiji vikachomwa, na waliosalia, wanaume, wanawake na watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani waliozoea hewa baridi waliwekwa pwani kwenye joto na malaria, na wengi walikufa. Hawakuruhusiwa kurudi vita vilipokwisha. Walirudi katika miaka ya 1930, wakati ambapo mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuondoka alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Ndiyo maana mtu wa umri wa bibi yako alizaliwa Malindi.

Upande wa magharibi vita vilikuwa vya namna nyingine. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na maji ya jeshi yakavutwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliushambulia mlima mdogo wa Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi Machi mwaka huohuo vilima vya Latema na Reata vilitwaliwa, na vita vikahamia Tanganyika. Reli ile ikaunganishwa na ya Moshi na ikabaki, hivyo mpaka uliochorwa kutenganisha Taveta na Uchagani ukavukwa na chuma kilichowekwa na vita. Wapagazi waliobeba mizigo katika kampeni hiyo walikuwa maelfu kwa maelfu, na makaburi ya wengi wao hayana alama. Ya askari wa Kizungu yanatunzwa Voi, Maktau na Taveta, nami nimeyatembelea yote matatu.

Baada ya vita hivyo na vilivyofuata, nyika ilipewa jina jingine tena. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nchi inayovizunguka vilima vya Taita ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Waata, ambao wengine waliwaita Waliangulu, waliokuwa wakiwinda katika pori hilo kwa pinde ndefu zenye nguvu isiyo ya kawaida na mishale ya sumu, wakawa majangili katika ardhi ya babu zao. Maji ya chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya hifadhi, yanapelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na bomba hilo linapita katika nchi ambayo akina mama wake bado wanatembea na mitungi. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote ninayoyaandika hapa.

Mwalimu wa Viumbe:

Ndugu mleta mada, mimi ni mwalimu wa bayolojia na napenda kuuliza jambo la kitaaluma. Hoja yako yote imejengwa juu ya neno Taita, lakini jina la kisayansi la ndege huyu ni *Falco fasciinucha*. Hakuna Taita ndani yake. Je, si kweli kwamba jina rasmi linahusu sura ya ndege tu, na kwamba Taita ni jina la kawaida lililokuja baadaye? Pia, wanafunzi wangu wanauliza kama tumwite kozi au kipanga.

Mwananyika:

Mwalimu wangu, umeuliza vizuri na nitajibu yote mawili.

Ni kweli kwamba jina la kisayansi linaeleza sura. *Fascia* ni mkanda au utepe katika Kilatini, na *nucha* ni kisogo, kwa hiyo ni kozi mwenye mkanda kisogoni. Neno *nucha* liliingia katika Kilatini cha matabibu wa zama za kati kutoka Kiarabu, *nukhāʿ*, lenye maana ya uboho wa uti wa mgongo. Taita imo katika kumbukumbu ya mahali pa kielelezo, na kutoka hapo ikaingia katika jina la kawaida la Kiingereza na la lugha nyingine. Kwa hiyo umenisahihisha kwa haki: niliposema kozi alipata jina lake mwaka 1895 nilipaswa kusema kwamba alipata jina la kisayansi, na kwamba pamoja nalo liliandikwa neno ambalo baadaye watu wangemwitia.

Lakini hebu mlinganishe na ndege wengine. Katika mabaki ya misitu ya ukungu juu ya vilima vya Dawida, Ngangao na Mbololo hasa, anaishi mkesha, ndege wa chini msituni anayepekua majani makavu, ambaye haishi mahali pengine popote duniani. Jina lake la kisayansi ni *Turdus helleri*, kwa heshima ya Edmund Heller, mkusanyaji wa wanyama kutoka Marekani. Yule ambaye ni wa Taita peke yake amepewa katika Kilatini jina la mgeni aliyepita, na yule anayeruka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini ndiye anayeitwa wa Taita midomoni mwa watu. Ukiwawekea wanafunzi wako ndege hawa wawili kando kwa kando, watauliza wenyewe maswali ambayo sisi tumechukua miaka kuyauliza.

Kuhusu Neumann, nadhani wanafunzi wanapaswa kujua pia yaliyompata. Alikuwa Myahudi, aliyezaliwa Berlin mwaka 1867. Alipokuwa mzee, nchi ambayo makumbusho yake aliyatajirisha kwa ndege wa Afrika iligeuka kumwinda, akakimbia mwaka 1941 akiwa na miaka zaidi ya 70, akapitia Cuba, akafika Chicago na kupewa kazi katika makumbusho huko, na hapo akafa mwaka 1946. Naye pia aliishia kuhamishwa kutoka kwao.

Kuhusu kozi na kipanga, mimi hutumia kozi kwa jamii ya *Falco*, wenye mabawa membamba yaliyochongoka, ambao huua kwa kasi angani, na kipanga huwaachia wale wenye mabawa ya mviringo wanaovizia mitini. Wavuvi na wafugaji wa kuku hawatofautishi hivyo, wala hawana haja, lakini darasani tofauti hiyo inasaidia. Mwewe ni mwingine kabisa, na wanafunzi wa pwani wanamjua vizuri kwa sababu huwanyang'anya samaki ufukweni.

Mjukuu wa Rukanga:

Nakushukuru kwa kuieleza habari ya Malindi mahali hapa. Nina ombi dogo tu. Umeandika Kasigau kila mahali isipokuwa ulipowataja watu, ambapo umeandika Wakasighau. Wenyewe hutamka kwa gh katika yote mawili.

Mwananyika:

Nimelipokea, na kuanzia sasa nitaandika Kasighau. Desemba nitapanda huko kutoka upande wa Rukanga pamoja na vijana wawili wa kijiji wanaoyajua magenge ya kusini, kwa kuwa kuta zile za mawe zilizo juu ya nyika ni za namna ambayo kozi huyu hupenda kuweka kiota, nami nataka kukaa chini yake alfajiri na jioni, saa ambazo huwinda. Mgosi wa Umba, ukiweza kuvuka kupitia Holili na Taveta, tutakusubiri Mwatate. Njoo na viatu vya miiba, na maji ya kutosha.